MASHINE HAIIJUI SUFURIA YETU, TUIPIME WENYEWE

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia duka, shamba au pesa za chama. Leo naomba niitumie kwa jambo ambalo pengine hukulitarajia katika jarida letu: jicho la tarakilishi, yaani kompyuta iliyounganishwa na kamera, inayotazama meza na kujaribu kujua kila kitu kilicho juu yake kiko wapi na kimekaaje. Maoni yangu nayasema waziwazi tangu mwanzo ili nisikuzungushe. Mashine hiyo hujua vyema vitu ambavyo binadamu amevipima na kuionyesha, na vitu vyetu vingi bado hatujavipima. Kazi hiyo ni yetu, tunaiweza, na hesabu yake imo katika vitabu tunavyobeba kila asubuhi.

Najua wengine wameshaanza kuguna. "Ati tarakilishi tena? Sisi tunataka mashairi na vitendawili!" Haya basi, kitendawili! Ana jicho moja, anaona kila kitu, lakini hajui kiko mbali kiasi gani. Umeshindwa? Nipe mji. Ni kamera. Sasa tulia nikueleze.

Mwalimu akikutuma ofisini umletee kikombe chake, wewe hufikirii mara mbili. Unaingia, unakiona, mkono unakwenda wenyewe na vidole vinakamata kishikio. Lakini kabla vidole havijagusa chochote, ubongo wako umeshajibu maswali mawili. La kwanza, kikombe kiko wapi? La pili, kimekaaje? Yaani kimesimama wima au kimelala, na kishikio kimeelekea upande gani? Mambo haya mawili, mahali na mkao, ndiyo yanayowahangaisha wataalamu wa macho ya mashine usiku na mchana. Roboti isiyoyajua haiwezi kushika hata kijiko.

Kiswahili chetu kimeijua kazi hii tangu zamani. Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kuwa kipo, kiko na kimo si neno moja. Kipo ni pale panapojulikana hasa, kiko ni kule kusiko dhahiri, na kimo ni ndani. Kwa upande wa mkao ndiyo usiseme! Mtu hulala chali, kifudifudi au kiubavu. Nguzo husimama wima. Ngazi huegemezwa mshazari. Kila moja ya maneno haya ni kipimo, ila ni kipimo kisicho na tarakimu.

Tarakilishi nayo haielewi "mshazari kidogo". Inataka tarakimu, na zinazohitajika ni 6. Tatu ni za mahali: kitu kiko mbele ya kamera kwa umbali gani, kiko kushoto au kulia kwa kiasi gani, na kiko juu au chini kwa kiasi gani. Tatu zilizobaki ni za mkao, na ukitaka kuzikumbuka tumia kichwa chako. Kitikise kama anayekataa ugali wa jana: huo ni mzunguko wa kwanza. Kiiname kama anayekubali: huo ni wa pili. Kilaze begani kama msafiri anayesinzia ndani ya matatu jioni: huo ni wa tatu. Hakuna mkao wowote, uwe wa kijiko mezani au wa ndege angani, usioweza kuelezwa kwa mizunguko hiyo mitatu. Mzunguko ni ule ule tuliousoma Kidato cha Pili, tofauti ni kwamba ule ulikuwa juu ya karatasi.

Sasa utaniuliza, ikiwa ni tarakimu 6 tu, ugumu uko wapi? Ugumu ni kwamba picha ni bapa. Dunia ina urefu, upana na kina, lakini picha imeshapoteza kina. Sufuria yenye upana wa sentimita 20 iliyo mita 1 kutoka kwa kamera huonekana na upana sawasawa na wa sufuria ya sentimita 40 iliyo mita 2. Chukua rula uchore zile pembetatu mbili zinazofanana, utajionea. Kwa hiyo kamera moja ikipewa picha moja tu, bila habari nyingine yoyote, haiwezi kujua kama inatazama kisufuria cha chai kilicho karibu au sufuria kubwa ya githeri iliyo mbali.

Ufunguo wa fumbo hili ni kipimo. Ukiiambia mashine mapema kwamba sufuria hii ina upana wa sentimita 20, pembetatu zinafunguka papo hapo. Jambo hili lilijulikana kabla tarakilishi haijazaliwa. Mwaka 1839 njia ya Daguerre ya kupiga picha ilitangazwa hadharani nchini Ufaransa. Miaka 2 baadaye, 1841, mwanahisabati Mjerumani aitwaye Johann August Grunert alichapisha hesabu ya nukta 3. Ukijua umbali halisi ulio kati ya nukta hizo, na ukajua pembe zilizo kati yake jinsi unavyoziona kutoka ulipo, unaweza kukokotoa mahali uliposimama. Taabu yake ni kwamba majibu yanaweza kuwa mengi, hadi 4, hivyo huhitajika nukta ya nne ili kuchagua lililo la kweli.

Mwaka 1963 Lawrence Roberts aliandika tasnifu yake katika chuo cha MIT, Marekani. Tarakilishi yake ilipewa picha za vipande vyenye kingo zilizonyooka, ikatafuta mistari, ikalinganisha mistari hiyo na maumbo machache iliyokuwa imeelezwa tayari, kisha ikakadiria kila kipande kimekaa wapi na vipi. Huyu Roberts ndiye baadaye alikuwa miongoni mwa walioongoza ujenzi wa ARPANET, mtandao uliozaa intaneti.

Kisha 1981 Martin Fischler na Robert Bolles wa SRI International, California, wakaleta njia ya kushughulikia nukta za uongo. Kwa nini za uongo? Kwa sababu mashine inaweza kudhani doa la ukutani ni ukingo wa kikombe. Njia yao ni kama kuuliza njia katika mji usioujua. Unachagua watu wachache bila kubagua, unasikia jibu lao, halafu unahesabu ni wangapi wengine wanakubaliana nalo. Unarudia mara nyingi, na mwishowe unalichukua jibu lenye wafuasi wengi. Wachache waliokudanganya wanaachwa nyuma. Njia hiyo inatumika hadi leo.

Tazama vizuri, msomaji. Roberts aliiambia mashine maumbo kwanza. Grunert alitaka umbali ujulikane kwanza. Siku hizi kuna mitandao ya neva, ambayo ni programu zinazojifunza kwa kuonyeshwa picha maelfu kwa maelfu, lakini hata hizo hufundishwa kwa picha ambazo tayari mahali na mkao wa kitu vimeandikwa. Kuna mtu, mahali fulani, aliyekaa na kitu chake akakipima. Hapo ndipo neno langu linapolalia.

Je, ni vitu gani vilivyopimwa? Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Stefan Hinterstoisser huko Munich, Ujerumani, walitoa mkusanyiko uitwao LINEMOD. Humo kuna bata wa kuchezea, pasi, taa ya mezani, simu, kitobozi cha karatasi na kadhalika, jumla vitu 15. Mkusanyiko huu umekuwa mtihani wa dunia nzima katika fani hii. Kanuni yake ya kusahihisha ni kwamba jibu la mashine likikosea, kwa wastani, chini ya asilimia 10 ya ukubwa wa kitu, huhesabiwa kuwa sahihi. Nyinyi mnaolalamika kuhusu mada ya makadirio na makosa katika hesabu za Kidato cha Tatu, mmeiona inakofanya kazi?

Mwaka 2015 vyuo vya Yale, Carnegie Mellon na Berkeley vya Marekani vikatoa mkusanyiko wa YCB, wenye vitu zaidi ya 70. Humo mna mikebe ya supu ya nyanya, boksi la biskuti za Cheez-It, boksi la sukari ya Domino, chupa ya haradali, keekee ya umeme, kikaango na mfuniko wake. Ndizi imo, lakini ni ya plastiki! Mwaka 2018 programu iitwayo PoseCNN ilifundishwa kwa vitu 21 kutoka mkusanyiko huo, na wengi waliofuata wakatumia vivyo hivyo.

Siwalaumu watafiti hao. Mtu hupima kilicho jikoni mwake, na wametoa kazi yao bure kwa kila mtu. Lakini tafuta humo kinu na mchi, hutaviona. Tafuta ungo, mbuzi ya kukunia nazi, jiko la makaa, kibuyu cha maziwa, jembe, mtungi wa maji. Hakuna. Na sufuria yetu, ile ya bati jeupe isiyo na kishikio, ambayo nadhani kila nyumba ya mwanafunzi wa shule hii inayo, haimo.

Wala usidhani sufuria ni kitu rahisi. Kwanza, ni mviringo. Uizungushe juu ya meza nusu mzunguko au robo, itaonekana vile vile. Basi ile tarakimu moja ya mkao haina jibu moja, ina majibu yasiyohesabika, na yote ni sahihi. Mashine isiyoambiwa hivyo huadhibiwa bure katika mafunzo yake kwa kutoa jibu ambalo si kosa. Kikombe chenye kishikio nacho kina ujanja wake, maana kishikio kikijificha nyuma, hata binadamu hajui kiko upande gani hasa. Niliwahi kuwaonyesha wenzangu darasani picha ya namna hiyo. Wengine walisema kishikio kimeelekea kushoto kidogo, wengine kulia kidogo, na zogo likawa kubwa mpaka kengele ikalia. Hakuna aliyeweza kuthibitisha, kwa sababu jibu halikuwamo katika picha.

Pili, sufuria mpya inang'aa. Kamera nyingi za kupima kina hutupa mwanga usioonekana kwa macho na kusoma unavyorudi. Penye mng'ao mwanga huo huruka kwingine, na mashine inaona shimo mahali penye chuma. Tatu, sufuria iliyotumika ina masizi na mabonde, hivyo hakuna mbili zinazolingana kabisa. Nne, hushikwa kwa ukingo, tena kwa tambara. Mikono ya roboti iliyofundishwa kutafuta kishikio itatafuta mpaka kesho.

"Kwani kuna hasara gani?" utauliza. Hasara ipo. Duniani kuna mikono ya roboti inayofungwa kwenye viti vya magurudumu ili kuwasaidia watu wasioweza kutumia mikono yao kula na kunywa. Tuseme siku moja mkono kama huo umefika katika nyumba ya kijijini kwetu, kwa mzee aliyepooza. Mbele yake kuna uji wa moto ndani ya sufuria. Mashine ikikosea mkao kwa nyuzi chache tu, uji hautamwagika Munich wala California. Utamwagika mapajani mwa mzee wetu. Ndiyo maana nasema hili si suala la fahari ya kitaifa au la kujionyesha. Ni suala la nani atakuwa salama mbele ya mashine na nani hatakuwa.

Sasa niwajibu wanaonipinga, kwani mjadala bila upinzani ni hotuba ya gwaride.

Wa kwanza watasema kuwa teknolojia imesonga mbele. Ni kweli. Mwaka 2024 kampuni ya NVIDIA ilitoa njia iitwayo FoundationPose, ambayo inaweza kukadiria mkao wa kitu ambacho haikuwahi kufundishwa. Lakini soma masharti yake. Ni lazima uipe umbo la kitu hicho lililochorwa kwa vipimo, au uipe picha kadhaa za kitu chenyewe zenye maelezo ya mkao. Kwa hiyo hoja hiyo hainivunji, inaniongezea nguvu. Zamani kuifundisha mashine kitu kipya kulihitaji picha maelfu. Sasa yaweza kutosha picha chache zilizopigwa vizuri. Mlango umefunguliwa, na sisi tumesimama nje tukisema ni mzito.

Wa pili watasema roboti zitatunyang'anya kazi. Hofu hii siidharau hata kidogo. Mwezi wa Mei 2023 huko Kericho mashine za kuchuma chai zilichomwa moto na watu waliokuwa na hasira kwamba zimewaondolea riziki. Mzazi akikosa kazi, karo inatoka wapi? Lakini mashine zile hazikungoja sisi tuzipe vipimo ndipo zije. Zilikuja. Tukikataa kupima vitu vyetu hatutazizuia, ila zitakuja zikiwa hazitujui, na wenye ujuzi wa kuzirekebisha watatoka kwingine na mshahara watarudi nao kwao. Afadhali awe mtoto wa Kericho anayejua kwa nini jicho la mashine limekosea.

Wa tatu, na hawa ndio wengi katika darasa letu, watasema, "Hayo waachie watu wa chuo kikuu. Kwani yatakuja kwenye mtihani?" Jamani! Yako kwenye mtihani tayari. Mzunguko tumeusoma Kidato cha Pili. Vekta na matriksi tunazo mwaka huu. Jiometri ya vitu vyenye pande tatu inatungoja Kidato cha Nne. Ukiziweka pamoja, hizo ndizo tarakimu 6. Tunazikariri kama kasuku kisha tunauliza zina faida gani, ilhali faida yenyewe imekaa jikoni ikichemka.

Napendekeza hivi. Chama cha Kiswahili kishirikiane na chama cha hesabu, tuchague vitu 10 vya nyumbani kwetu. Sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wa bweni hawana, kwa kuwa kila jioni tunarudi jikoni. Kila kitu tukipime kwa rula na uzi: upana wa mdomo, upana wa kitako, kina, unene wa ukingo. Tuandike na makosa ya kipimo, kama tunavyofundishwa. Kisha tuchapishe mraba mweusi kwenye karatasi nyeupe, tuseme wenye upande wa sentimita 10, tuuweke kando ya kitu hicho, na kwa simu ya mwalimu tupige picha kukizunguka pande zote. Kwa nini mraba? Kwa sababu pembe zake 4 zina vipimo vinavyojulikana, hivyo kila picha inaweza kukokotoa kamera ilikuwa wapi. Ni hesabu ya Grunert ile ile. Hata wale watafiti wa Munich waliweka vitu vyao juu ya ubao wenye alama zilizopimwa. Programu ya kukokotoa ipo bure. Inaitwa OpenCV, ilianzia katika kampuni ya Intel mwaka 1999, nayo haihitaji tarakilishi ya bei ghali.

Na sisi wa Kiswahili tusikae kando kama wageni. Kazi yetu ni daftari la majina. Kitu hiki kinaitwaje hapa, na kinaitwaje Pwani? Sehemu zake zina majina gani? Mchi una kichwa na mwili. Mbuzi ya nazi ina meno na kiti. Kikikaa hivi tunasemaje, kimesimama, kimeinama, kimelala kiubavu au kimepinduliwa kifudifudi? Tukiandika neno la mkao kando ya tarakimu zake 6, siku moja mtu ataweza kuiambia mashine kwa Kiswahili sanifu, "Simamisha mtungi ulioinama," nayo ikaelewa. Asiyeona, asiyejua Kiingereza, bibi yangu na bibi yako, wote wataweza kuiamuru.

Tukumbuke adabu pia. Kabla ya kupiga picha jikoni mwa mtu tuombe ruhusa, na tupige picha ya chombo, si ya familia. Macho hayana pazia, lakini sisi tunayo haya.

Walimu wetu wapendwa, nawaomba mtupatie alasiri moja kwa wiki na ufunguo wa chumba cha tarakilishi. Wanafunzi wenzangu, nawaomba muda wenu na rula zenu. Vitu 10 ni vichache, sikatai. LINEMOD yenyewe ilikuwa na 15 tu, na hadi leo watu wanapimiwa nayo.

Nafasi niliyopewa na Mhariri imekwisha, kwa hivyo nakomea hapo. Anayetaka kuanza nami, aje Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, alete sufuria moja. Iwe imeoshwa.